Kumpeleka Baba Mkwe Iringa

Kitenge nilikifunga mwenyewe asubuhi, kabla baba mkwe hajatolewa ndani. Ncha moja niliifunga kwenye mshikio ulio juu ya mlango wa kushoto wa gari, ncha nyingine upande wa pili, katikati nikakibana kwa pini ili upepo usikipeperushe. Mbele ya kitenge angekaa yeye na shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye mwenye gari. Nyuma ya kitenge ningekaa mimi na godoro, masufuria, kuku wawili waliofungwa miguu, na begi lenye nguo zote za mzee. Shemeji aliitazama kazi yangu akacheka, akasema Noah yake leo imekuwa gesti, ina vyumba. Sikucheka. Nilikuwa nimechoka hata kabla ya safari kuanza, na bado nilikuwa na chai ya kupika na nyumba ya kufunga.

Kwa wasiotujua, nieleze. Kwetu Wanyakyusa, kwa desturi ya zamani, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba wa mume wake. Hamtazami, hakai naye chumba kimoja, halitamki jina lake. Si chuki, ni heshima, na inabana pande zote mbili: yeye akisikia hatua zako anakohoa na kugeukia ukutani, wewe ukimwona njiani unaingia migombani. Siku hizi wengi wameacha. Wadogo zangu wanakula meza moja na wakwe zao na wanapiga nao picha za simu, vichwa vimegusana. Baba mkwe wangu hakuacha. Ni mzee wa kanisa, na mchungaji alipohubiri kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, alirudi nyumbani akamwambia mke wake kwa sauti kubwa, ili nisikie nikiwa jikoni, kwamba mchungaji ni kijana mzuri sana, ila bado hajapata mkwe.

Kwa hiyo tangu niolewe nilimjua baba mkwe kwa mgongo, kwa kikohozi, na kwa miguu yake nikiwa nimeinamisha kichwa. Uso wake niliuona kwenye picha ukutani. Yeye sijui kama aliwahi kuniona.

Mama mkwe alipokuwa hai mambo yalienda. Mimi napika, yeye anapeleka. Mzee anasema, yeye ananiletea maneno. Mume wangu alitangulia, tukazoea. Kisha mama mkwe naye akafariki, watoto wangu wameshaondoka kwenda kutafuta maisha, tukabaki watu wawili kwenye uwanja mmoja huko mlimani, juu ya Uyole, nyumba yake ndogo inatazamana na yangu. Tukaanza kuzungumza kupitia kuku. Naweka sahani kizingitini, narudi nyuma, nasema, "Ninyi kuku, msiguse, chakula cha baba hicho." Naye kutoka ndani, "Kuku, leo chumvi imezidi." Wageni walicheka. Mimi nilicheka mwanzoni.

Halafu akaanguka bafuni. Nilikuwa uwanjani napeta mchele niliposikia kishindo, nikakimbia. Mlango ule ni wa bati, hata komeo hauna. Nikaushika. "Mtu asiingie!" alisema kutoka ndani. Hakusema wewe, alisema mtu. Nikasimama pale nimeshika bati, namsikia anavyohema, maji yanatiririka kutoka kwenye ndoo iliyopinduka hadi miguuni pangu. Nikamkimbilia jirani, hayupo, yuko shambani kwake kwenye viazi, nikapanda huko, tukashuka wote. Muda wote huo mzee yuko chini kwenye saruji, uchi, na mimi mwenye mikono miwili nazunguka mlima kutafuta mwanaume wa kumnyanyua. Nililia kwa hasira. Jirani alidhani nalia kwa huruma, akanipa pole.

Mguu haukupona vizuri. Jirani akawa anakuja asubuhi na jioni kumwogesha na kumgeuza. Lakini jirani ana shamba lake na ana watoto wake, zikawepo siku ambazo haji, na siku hizo mzee alibaki kwenye shuka lililoloa, mimi niko nje ya dirisha nawauliza kuku kama baba anahitaji kitu, naye anawajibu kuku kwamba hahitaji. Wifi yangu, binti yake anayekaa Iringa, aliposema mlete huku nimwogeshe mimi, nilikubali haraka kuliko nilivyotaka watu waone. Nilitaka aende. Nilitaka kulala bila kusikiliza. Na iliniuma vibaya, maana angesema neno moja tu, ingia, angebaki kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, karibu na kaburi la mke wake, na mimi ningemwogesha kama ninavyoweza kumwogesha baba yangu. Neno hilo hakulisema, na sasa alikuwa anatolewa ndani amebebwa, mimi nimejificha nyuma ya kitenge nakitazama kisigino chake kikipita.

Tukashuka Uyole, tukaipita Igurusi. Chimala tulisimama kununua mchele, maana kwenda Iringa kutoka huku bila mchele ni kwenda mikono mitupu. Jua lilikuwa limeshakuwa kali.

"Shemeji," nikasema, "muulize baba kama mguu unamuuma."

"Mwambie hauumi," akasema baba mkwe, kabla shemeji hajafungua mdomo.

"Anasema hauumi."

"Nimesikia."

"Sasa mimi hapa ni dereva au ni redio?" akauliza shemeji.

Tulipofika njia panda ya Rujewa, baba mkwe akasema, "Kata kushoto."

"Kushoto ni Madibira, mzee. Hiyo njia ni vumbi tupu. Twende zetu na lami, tupite Makambako, mapema tu tuko Iringa."

"Kata kushoto. Kuna pango nataka kuliona."

"Pango gani tena?"

"Utaliona."

Shemeji akaangalia kwenye kioo, kana kwamba anaweza kuniona kupitia kitenge, akisubiri niseme kitu. Nilitaka kusema. Nilitaka kusema kwamba mgongo unaniuma, kuku wanahema midomo wazi, na mimi si wa kutembezwa mapangoni kwa umri wangu. Lakini anayehamishwa alikuwa yeye. Nikanyamaza, shemeji akakata kushoto.

Sisi ni watu wa baridi. Tumezoea ukungu, matope na migomba inayodondosha maji. Wakati wa kiangazi nyanda za Usangu hazina hata kimoja kati ya hivyo. Mashamba ya mpunga yaliisha, yakabaki mabua, kisha mabua nayo yakaisha, ikabaki nyika: migunga iliyokauka, ardhi nyeupe iliyopasuka, mto ambao ni mchanga, na ng'ombe waliosimama kwenye mchanga huo wakisubiri mtu aliyekuwa anachimba kisima cha mkono. Vumbi liliingia kwa madirisha hata yakiwa yamefungwa. Tukiyafunga tunaiva, tukiyafungua tunazikwa. Kitenge changu kilikuwa cha bluu. Tukiwa bado hatujaiona Madibira kilikuwa rangi ya udongo. Nilikaa juu ya godoro lililokunjwa, kila shimo la barabara linanirusha hadi kichwa kinagonga paa, na sikuweza hata kusogea mbele kushika kiti, maana mbele kulikuwa na baba mkwe. Nikafikiri, nimeishi hivi. Sikuifikiria kwa uchungu sana. Mtu akishachoka vya kutosha hata uchungu unakuwa kazi.

"Kwenye jangwa hili ulikuwa unafanya nini, mzee?" shemeji akauliza.

"Tulikuwa tunafyeka. Wazungu walikuwa wanapima njia, sisi tunafyeka mbele yao. Nilikuwa kijana."

Ng'ambo ya Madibira, nyanda zilipoanza kupanda, kikatokea kilima cha mawe makubwa yaliyolaliana. Tulimkuta mtu anauza mkaa kandokando ya barabara, tukamuuliza. Akasema ndiyo, mapango yapo, wakati wa mvua ndama wanalala humo, hamna mnyama, nyuki tu pale mlangoni, msiwapigie kelele. Gari lilienda mpaka chini ya mawe. Shemeji akamshusha baba yake, akambeba mgongoni.

Nilikuwa nimepanga kubaki garini. Ningejilaza juu ya godoro, nikalala hata kidogo, jua liwake linavyotaka. Lakini shemeji akaita akiwa ameshaanza kupanda, "Shemeji, njoo na maji! Na viatu vyake, ameangusha kimoja!" Nikatoka. Nikaokota kiatu, nikachukua chupa ya maji, nikawafuata kwa mbali, macho kwenye miguu ya mzee inayoning'inia.

Chumba cha kwanza cha pango kilikuwa kipana na chenye mwanga, sakafu imejaa samadi kavu. Mle kulikuwa na ubaridi, na nakiri ubaridi ule ulinifurahisha. Ningeishia hapo. Lakini baba mkwe akasema ndani zaidi, kuna uwazi upande wa kulia, na kweli ulikuwepo, mwembamba, umepinda. Shemeji akawasha tochi ya simu, akapita kwa ubavu na mzee wake mgongoni, wote wawili wanaguna. Nami nikapita, maana mwanga uliokuwa unaondoka ndio niliokuwa nauona. Ndani kulinuka popo. Shemeji akamkalisha baba yake juu ya jiwe, mimi nikasimama nyuma kabisa, mgongo umegusa mwamba. Akazungusha simu dari nzima, tukawaona popo wamejipanga, kisha simu ikalia mara mbili na kuzimika.

"Chaji," akasema shemeji gizani. "Niliisahau kuchaji. Msitembee, nimeona kama kuna shimo pale upande. Nafuata tochi kwenye gari, nakuja sasa hivi."

Tukamsikia anapapasa mwamba, anajigonga, analaani, kisha kimya. Ile njia ilikuwa imepinda, mwanga wa nje haukufika kabisa. Niliinua mkono mbele ya macho yangu sikuuona. Na hapo ndipo nilipoelewa tulivyokuwa: mimi na baba mkwe, chumba kimoja, wawili tu, kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Nilitaka kukimbia, na shimo lilikuwepo. Nikachuchumaa pale pale, nimekumbatia chupa ya maji na kiatu cha mzee. Shemeji hakurudi.

"Ninyi popo," akasema baba mkwe, "sijui kama huyo mama amepata pa kukaa."

Nikawaambia popo kwamba amepata.

"Sijui kama ana kiu."

"Popo, mwambieni baba chupa ninayo mimi. Mwenye kiu ni yeye."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha puani, na nilishtuka, maana mume wangu alikuwa anacheka hivyo hivyo na nilikuwa nimekisahau. Nikanyoosha chupa gizani kuelekea sauti ilikotoka. Mkono wake ukaipapasa hewa, ukakuta mkono wangu, ukakuta chupa. Vidole vilikuwa vikavu na vyepesi. Hatukushtuka, wala yeye wala mimi. Nikamsikia anakunywa.

"Hapa," akasema, na safari hii hakuwataja popo, "wewe hunioni, mimi sikuoni. Hatujavunja kitu."

"Ndiyo, baba."

"Mumeo alizaliwa nikiwa humu."

Akanisimulia. Walikuwa wanafyeka huko chini, mvua ikaja mapema, nyanda zote zikawa maji, wakakimbilia pangoni na kuishi humo hadi unga ukakaribia kuisha. Siku moja akatokea mtu wa kwao, amekuja kwa miguu kutoka milimani, amelowa hadi mfupa, akauliza yuko wapi fulani, mke wake amejifungua mtoto wa kiume. Baba mkwe aliruka kwa furaha, kichwa kikagonga mwamba, akaanguka chini amezimia. Wenzake walidhani amekufa. Mtu aliyeleta habari akaanza kulia kwamba sasa atarudije na habari nyingine.

"Kovu lipo mpaka leo," akasema. "Hapa juu." Kisha, kwa kuwa sikuweza kuona hapo juu ni wapi, akasema, "Basi tu, lipo."

Nikacheka, na nikicheka nikagundua nalia. Mume wangu hakuwahi kunisimulia. Labda hakujua.

"Siku ile nilipoanguka," akasema baba mkwe, "nilikusikia mlangoni. Ulikuwa unalia."

"Nilikuwa na hasira, baba."

"Nilijua ni hasira. Ulishika lile bati ukalitikisa. Ningekufa mle, ungeingia?"

"Ningeingia."

"Sasa ungeingia kwa nini, nimeshakufa."

"Na wewe ulinikatalia kwa nini?" nikasema, na sauti yangu ikagonga mwamba ikanirudia kubwa kuliko nilivyoitoa. Sikujali. "Watu wameacha, baba. Mchungaji amesema. Hata ndugu zako wa kule Tukuyu wameacha, wanakaa sebuleni na wakwe zao wanaangalia mpira. Sema tu tuache. Sema sasa hivi, tugeuze gari, turudi nyumbani. Nitakuogesha. Nitakubeba. Nimeshapika miaka yote hii, kuogesha kutanishinda nini?"

Popo mmoja alipita karibu na sikio langu.

"Mke wangu," akasema mwishowe, "alikuwa anavuka ule uwanja na sahani yangu, mvua inanyesha, matope yanamfika hapa. Mara tatu kwa siku. Kwa ajili yako na yangu. Leo mguu umekataa, niseme tuache? Basi yule mama alikuwa anavuka nini? Na wewe nilikuheshimu kwa sababu gani, kwa sababu nilikuwa na miguu?"

Iliniudhi kwamba amenishinda.

"Kwa hiyo heshima yako ndiyo inanifanya nikakutupe Iringa."

"Hunitupi. Unanipeleka kwa binti yangu."

"Watu watasema nimekufukuza."

"Watu hawajawahi kunipikia." Akasogeza kitu, nadhani chupa. "Wewe je? Unataka niende?"

Huko nje, kwenye mwanga, ningesema hapana, baba, nani anataka hivyo. Maneno ya namna hiyo nilikuwa nayo ya kutosha.

"Nimechoka, baba," nikasema. "Nataka uende nilale. Na sitaki uende."

"Vyote viwili?"

"Vyote viwili."

"Mwe," akasema, kama tunavyoshangaa kwetu. "Basi na mimi ni hivyo hivyo. Kukukwepa wewe nako ni kazi, mkwe. Sitoki mlangoni mpaka nisikilize kwanza uko wapi. Ukiwa jikoni, najua. Ukienda kisimani, najua. Nikitaka kuota jua nasubiri uende shamba. Nimechoka. Ndaga, kwa chakula. Ndaga kwa yote."

Ndaga ni asante ya kwetu. Nilikuwa nimeipata kupitia kwa mama mkwe mara nyingi, na kupitia kwa kuku. Kwa kinywa chake mwenyewe ilikuwa mara ya kwanza, na ilinifika gizani mikono yangu ikiwa imeshika kiatu chake.

Hapo tukasikia hatua na kuhema, na mwanga ukaanza kuchezacheza kwenye ile njia iliyopinda. Alikuwa shemeji, jasho linamtoka, tochi mkono mmoja, kuku mkono mwingine. Kuku alikuwa amejifungua kamba na kutokea dirishani, naye amemkimbiza kilima kizima kati ya miiba. "Kuku wa Iringa huyu," akasema, "hataki hata kusubiri afike." Mwanga ulipotuangukia, baba mkwe alikuwa ameshageukia mwamba wa upande wake, na mimi nimegeukia wa upande wangu. Shemeji akasimama kati yetu na kuku wake. Nadhani alituonea huruma, alivyotukuta vile, akidhani tumekaa muda wote tumenuniana.

Safari iliyobaki ilikuwa ndefu. Tulirudi garini, kila mtu upande wake wa kitenge, na maneno yakabaki pangoni. Nilimsubiri aseme kitu, hata cha kumpitishia shemeji, hata cha kuwapa kuku. Hakusema. Nikajiambia basi, tumezungumza, wangapi hawapati hata hicho. Lakini haikunitosha, na nilikuwa nimechoka mno kujidanganya. Barabara ikapanda, joto likapungua, vumbi likaanza kuwa jekundu, ikatokea misonobari ya Mafinga na malori yaliyobeba mbao. Tulipoikuta lami shemeji alishusha pumzi kama aliyetua mzigo. Mimi nililala, hatimaye, kichwa juu ya begi la nguo za mzee, na niliamka tukiwa Iringa, jua linazama nyuma ya majabali.

Wifi alitupokea kwa vigelegele na machozi pamoja. Nyumba yake ina chumba kimoja kinachoangalia barazani, alikuwa amekipaka rangi na kuweka kitanda kifupi. Hakupoteza muda. Maji yalikuwa yameshachemka. Nilikaa jikoni kwake nachambua mboga, na kupitia ukutani nikasikia anamwogesha baba yake: maji yanamwagwa, mzee analalamika kwamba ni ya moto, wifi anamwambia tulia wewe mzee, inua mkono, huo mwingine, mzee anacheka kile kicheko cha puani. Alikuwa anaoga kama mtu aliyekuwa na kiu ya kuoga. Nilichambua mboga ile ile mara mbili. Nilimwonea wifi wivu, nasema ukweli, na papo hapo nikasikia mabega yangu yanashuka, yenyewe, bila mimi kuyaambia.

Asubuhi tulitakiwa kuondoka mapema, maana shemeji ana kazi. Nilikifungua kitenge, nikakikung'uta uani hadi mkono ukachoka, nikakikunja. Kule nyuma sasa kulikuwa na nafasi tupu, na kwenye kurudi ningeweza kukaa mbele. Mzee alikuwa ametolewa barazani kuota jua, amekalishwa kwenye kiti, blanketi magotini. Nilijua kwa sababu nilimsikia akikohoa, nami nikaipitia nyumba kwa nyuma kama kawaida, nikatokea upande wa gari, nikasimama nimeipa baraza mgongo.

"Wifi," nikasema kwa sauti ya kutosha, "mwambie baba sisi tunaondoka. Mwambie abaki salama."

"Amesikia," akasema wifi.

"Mwambie dawa ya kuchua mguu iko mfuko wa pembeni wa begi."

"Amesikia, wifi."

Nikashika mlango wa gari.

"Geuka," akasema baba mkwe.

Nilidhani anaongea na binti yake. Nikafungua mlango.

"Mkwe. Geuka."

Shemeji alikuwa ameshakaa kwenye usukani. Nilimwona anaondoa mkono kwenye ufunguo. Nikageuka, kichwa chini. Niliona vigae vya baraza, ncha ya blanketi, miguu yake ninayoijua, imeoshwa na kupakwa mafuta.

"Baba, ulisema mwenyewe hatuachi," nikanong'ona. "Jana."

"Jana ningeacha kwa sababu ya shida. Nilihitaji kubebwa. Leo sina shida na mtu, nimeshaogeshwa." Akalivuta blanketi magotini. "Sasa inua uso."

Niliuinua. Alikuwa mdogo kuliko picha yake. Nywele zimeisha, na hapo juu ya paji kulikuwa na kovu lililoingia ndani, na chini yake macho ya mume wangu, yamezungukwa na mikunjo, yananitazama. Hakupepesa. Aliutazama uso wangu kama anavyosoma Biblia, polepole, hadi mwisho, akarudia mwanzo. Wifi alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga. Nilijua anachokiona: mvi zinazotoka chini ya kilemba, mashavu yaliyoingia ndani, vumbi la Usangu ambalo maji ya jana hayakulimaliza.

"Mwe," akasema. "Kumbe na wewe umezeeka."

"Nimezeekea kwako, baba."

"Najua," akasema, na hakugeuza uso.